Wiki 2 ndani ya medina ya Fes: siku inaendaje huko?

Mwana_Safari aliuliza:

Wakuu, habari za leo.

Mimi na mke wangu tunakwenda Fes, Moroko, mwezi wa 1, wiki 2 kamili. Tumepanga chumba ndani ya mji mkongwe wenyewe (medina), Fes el-Bali, upande wa lango la Bab Boujloud. Habari za vivutio nimeshasoma za kutosha. Ninachokosa ni mambo ya kila siku: mtu anatembeaje humo bila kupotea, bei zinatajwaje, hamamu ya mtaani, lile bafu la mvuke, inaingiwaje (mke wangu anaitaka sana), na sisi Waislamu tutegemee nini misikitini. Na chakula cha kawaida pia, si cha mahoteli. Wenye kuijua Fes tusaidieni, kwa undani tafadhali.

---

Mpiga_Hodi alijibu:

Karibu mkuu. Nianze na njia, maana hiyo ndiyo inayowachosha wageni siku 3 za mwanzo.

Fes el-Bali iko bondeni, na hilo ndilo la kushika. Bab Boujloud iko juu, upande wa magharibi. Ukiingia tu langoni zinaanza njia kuu mbili, Talaa Kebira na Talaa Sghira. Neno lenyewe "talaa" ni mpando. Zote mbili zinateremka kuelekea soko la Attarine na msikiti wa Qarawiyyin, na chini zaidi kuna uwanja wa R'cif. Ng'ambo ya mto, mtaa wa Waandalusi nao unateremkia hukohuko R'cif. Kwa hiyo ukipotea, kabla ya kutoa simu angalia ardhi: ukifuata mteremko unakwenda katikati ya mji, ukifuata mpando unakwenda kwenye malango. Jioni mkiwa mmechoka msipande Talaa kwa miguu. Shukeni R'cif, teksi zinafika pale, iwazungushe kwa nje hadi uwanja wa Batha, hatua chache kutoka Boujloud.

Ramani ya simu humo inadanganya. Kuta ni ndefu, vichochoro ni vyembamba na vingine vimeezekwa, basi ile alama yako inarukia kichochoro cha pili na wewe unafuata. Ni bora kujua jina la *derb* yenu na kitu kinachojulikana karibu nayo: msikiti, bomba la maji lenye vigae, au tanuri la mkate. Mwombe mwenye nyumba akuandikie kwa Kiarabu kwenye karatasi. Derb ni kichochoro cha wakaazi na mara nyingi hakina pa kutokea. Ukiona maduka yameisha, kelele zimekatika na umebaki na milango mitupu, jua umeingia derb ya watu. Geuka.

Magari hayaingii. Mizigo yote, kuanzia mitungi ya gesi, soda, ngozi mbichi hadi saruji, inabebwa na punda na baghala au mikokoteni ya mkono. Ukisikia "balak! balak!" (pisha! pisha!) nyuma yako, usigeuke kutazama, jibanze kwanza. Ingia kwenye kizingiti cha mlango kama kipo, begi lilete mbele ya kifua. Mnyama anayeteremka na kilo nyingi mgongoni hasimami ghafla kwenye mawe yaliyolowa, na mzigo umetokeza pande zote kuliko tumbo lake. Wageni wengi hukwepa kichwa cha mnyama wakaumizwa na mzigo.

Jambo la mwisho kwenye njia: vijana watakaokuambia "huku kumefungwa, pita huku." Hakujafungwa. Mara nyingi hiyo njia yao inaishia kwenye duka la ngozi linalotazama mashimo ya Chouara, yanakotengenezewa ngozi. Sema "la, shukran," usisimame, na usitaje unakokwenda. Kiongozi halali wa watalii ana kitambulisho rasmi, na bei mnapatana naye kabla ya hatua ya kwanza, kwa saa au kwa nusu siku, pamoja na kukubaliana kama maduka yamo au hayamo.

---

Dirhamu_Moja alijibu:

Mpiga_Hodi kamaliza njia. Mimi nizungumzie bei, kwa sababu hapa mtu anayejua Kiswahili ana faida kubwa halafu anajikwaa palepale penye faida yake.

Faida ni hii: hesabu za huko utazitambua. Sita, saba na tisa utazisikia kama *setta, sebaa, tesaa*. Ishirini ni *ashrin*, hamsini *khamsin*, sitini *settin*, mia *mya*, elfu *alf*. Inayobadilika sana ni mbili, ambayo Kimoroko ni *juj*. Hayo yanatosha sokoni.

Shida ni kwamba utasikia namba, usijue ni namba ya nini. Pesa rasmi ni dirhamu yenye senti 100, lakini watu wa Fes, hasa wazee na wauza mboga, bado wanataja bei kwa *riyal*. Sarafu ya riyal haipo, ni hesabu ya kichwani tu: riyal 20 ni dirhamu 1. Basi "myat riyal" ni dirhamu 5, na "alf riyal" ni dirhamu 50. Wengine wanataja kwa senti na kuziita *frank*, ambapo "alf frank" ni dirhamu 10 tu. Kwenye mazulia na fanicha utasikia "milyun", yaani senti milioni moja, sawa na dirhamu 10,000. Mgeni akisikia "alf" bila jina la pesa, hajui kama ni 10, 50 au 1,000. Swali la kuuliza ni fupi: "dirham wella riyal?", yaani dirhamu au riyal? Ukitaka kujipima, mkate wa duara ukiuzwa dirhamu 1.20, hiyo ni riyal 24. Gawa kwa 20 kila mara, siku ya tatu itakuwa haikusumbui.

Noti ni za 20, 50, 100 na 200. ATM hupenda kutoa za 200, na muuza mkate hana chenji ya 200 saa 1 asubuhi. Zivunjeni mgahawani au kwenye duka kubwa la mji mpya, na sarafu za 1, 2, 5 na 10 wekeni mfuko wake. Mashine ziko upande wa Batha na Boujloud. Ndani kabisa msizitegemee. Dirhamu haibadilishwi kirahisi nje ya Moroko, na mwisho wa kutoka nayo ni 2,000, kwa hiyo siku mbili za mwisho toeni kidogokidogo.

Kupatana bei kuna mahali pake. Ngozi, shaba, vitambaa, mazulia, patana. Mkate, dawa, maji ya chupa, mboga zenye bei iliyoandikwa, lipa.

Teksi ndogo za Fes ni nyekundu na zina mita. Mwisho abiria 3, na hazitoki nje ya mji. Ukipanda sema "l-kuntur, afak," yaani washa mita tafadhali. Dereva ana haki ya kuokota abiria mwingine njiani, na ukikuta mita inatembea kwa ajili ya mtu aliyetangulia, soma namba wakati unakaa, utalipa tofauti tu. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi nauli inapanda kwa nusu. Hilo ni halali, si wizi. Kwenda uwanja wa ndege au Sefrou au Meknes ni teksi kubwa, ambapo mnanunua nafasi au gari zima, na bei husemwa kabla.

---

BintiMwambao alijibu:

Kaka, niachie mimi hili la hamamu, umsomee wifi yangu vizuri.

Hamamu ya mtaani si ile ya hotelini yenye mishumaa. Ni bafu la jirani, watu huenda mara moja kwa wiki, na huko ndiko habari za mtaa zinakozungumzwa. Wanawake na wanaume hawachanganyiki kamwe. Baadhi zina pande mbili zenye milango miwili. Nyingine zina upande mmoja na zamu: mara nyingi wanawake mchana, wanaume alfajiri na usiku. Zamu zinatofautiana mtaa na mtaa, kwa hiyo aulize nyumbani mnapofikia, tena aulizie hamamu ya derb ileile. Asiende Ijumaa asubuhi au mkesha wa sikukuu kama ni mara yake ya kwanza, kunajaa na maji ya moto hugombaniwa.

Vitu vya kubeba: taulo, ndala, nguo ya ndani ya kubadilisha, bakuli dogo la kuchotea maji, kigoda au kipande cha mkeka wa plastiki wa kukalia, kitana na shampuu. Halafu vile vitatu vya kwao. Kwanza *sabun beldi*, sabuni laini nyeusi ya mafuta ya zeituni, inapimwa kwa kilo sokoni. Gramu 100 zinawatosha watu wawili. Pili *kis*, glavu ya kusugulia. Tatu *ghasul*, udongo wa kuoshea nywele na mwili. Ghasul ikiwa ya mabonge, ailoweke kwenye maji ya uvuguvugu mara tu anapoingia, ili ikifika zamu yake iwe uji. Akiisahau, ataisugua ikiwa na chembe na itabaki kichwani.

Ndani kuna vyumba 3, cha baridi, cha vuguvugu, cha moto. Nguo huvuliwa chumba cha nje na mkoba unakabidhiwa kwa mama anayekaa hapo. Chupi haivuliwi. Wanaume nao hubaki na kaptura. Aende moja kwa moja chumba cha moto, ajaze ndoo (moja moto sana, moja ya kuchanganya), aoshe sehemu atakayokaa, aketi. Apake sabun beldi mwili mzima juu ya ngozi iliyolowa, kama vijiko 2 vya chakula vinatosha. Haitoi povu na haitakiwi kutoa. Akae nayo dakika 10, jasho litoke.

Sasa hapa ndipo wengi wanakosea. Sabuni hiyo lazima isuuzwe *yote* kabla ya kis. Ikibaki, glavu inateleza tu na taka hazitoki, mtu anazidisha nguvu na mwisho anachubuka. Na ukianza kusugua kabla ya ngozi kulainika, inauma bure. Ngozi ikiwa tayari, taka zinatoka kama vijiti vidogo vya kijivu kwa mikwaruzo mirefu, bila kukandamiza. Kis mpya ni kali, iloweshwe kwenye maji ya moto kwanza. Na asinyoe miguu siku hiyo, itawaka moto.

Akitaka kusuguliwa, yuko *tayyaba*, mama wa kazi hiyo. Upande wa wanaume anaitwa *kessal*. Malipo yake si ya tiketi ya mlangoni, kwa hiyo aulize kabla. Lakini kama yuko peke yake, mwanamke wa pembeni anaweza kumwomba wasuguane migongo. Ni adabu ya kawaida, akubali, na yeye arudishe.

Adabu nyingine: bakuli lako lisiingie ndoo ya mtu, sabuni isidondokee maji safi, na maji machafu yasimpitie jirani, kaa upande wa chini ya aliyekutangulia. Akisikia kichwa chepesi atoke chumba cha vuguvugu mara moja, asingoje. Akimaliza, asikimbilie nje. Mwezi wa 1 usiku Fes unaweza kushuka hadi nyuzi 4 au 5. Akae chumba cha nguo dakika 20, anywe maji, ajifunike kichwa, ndipo aondoke.

---

Mwana_Safari aliandika:

Dada, mke wangu kasoma mara mbili na kaandika pembeni. Ahsante sana, na wakuu wote.

Nyuzi 4 zimenishtua kidogo. Nyumba hizo zina joto ndani? Na Ijumaa inakuwaje, maana tutakuwa na Ijumaa mbili. Suala la misikiti pia halijaguswa.

---

Mpiga_Hodi alijibu:

Mkuu, nyumba za medina zimejengwa kushinda joto la kiangazi, ambalo linapita nyuzi 40. Ua uko katikati na mara nyingi uko wazi juu, vyumba vinatazama uani, kuta nene, vigae chini. Vitu hivyohivyo mwezi wa 1 vinakugandisha. Joto haliko kwenye jengo, kwa hiyo ulizeni *kabla* ya kulipa: chumba kina hita au kiyoyozi cha joto, na mablanketi mangapi. Bebeni soksi nzito. Chumba cha ghorofa ya juu kinapata jua kuliko cha chini. Jellaba ya sufu, yaani kanzu yao yenye kofia, ikinunuliwa siku ya kwanza inafanya kazi kila siku iliyobaki.

---

Dirhamu_Moja alijibu:

Ijumaa: jueni kwamba medina inalala. Maduka mengi yanafungwa kuanzia adhuhuri na sehemu kubwa hayafunguliwi tena hadi Jumamosi. Mboga, mkate na pesa taslimu vishughulikieni Alhamisi jioni au Ijumaa asubuhi. Baada ya sala watu wote wanakwenda nyumbani kula kuskusi, na migahawa midogo nayo hupika kuskusi siku hiyo hata kama siku nyingine haina. Ikiisha imeisha, kwa hiyo fikeni mapema.

Vichochoro vitupu vya Ijumaa alasiri ni vizuri kwa kutazama milango na nakshi. Kwa kujifunza njia havifai, kwa sababu alama mlizozizoea, maduka yenyewe, zote zimefunga mbao.

Chakula cha kawaida wakati wa baridi asubuhi ni *bissara*, supu nzito ya maharage mapana makavu, juu yake mafuta ya zeituni na bizari nyembamba, na mkate. Inauzwa kwenye vijiduka vyenye sufuria moja kubwa na huisha kabla ya adhuhuri. Jioni ni *harira*, supu ya nyanya na dengu. Jaribuni pia *khlii*, nyama iliyotiwa viungo, ikakaushwa na kupikwa kwenye mafuta yake ili ikae miezi. Inakaangwa na mayai. Ina chumvi nyingi, msiongeze.

Mkate hauachwi. Ndio kijiko, kwa mkono wa kulia, kila mtu upande wake wa sahani. Familia nyingi bado zinakanda nyumbani na kupeleka kwenye *farran*, tanuri la mtaa, mikate ikiwa juu ya ubao na kufunikwa kitambaa. Mwoka mikate anaujua ubao wa kila nyumba. Mkiona mtoto na ubao kichwani, mpisheni njia kama mnavyompisha baghala, huo ni mlo wa nyumba nzima.

Chai inakuja na sukari ndani ya birika. Msipoitaka semeni mapema "bla sukkar," neno mnalijua. Baridi ikizidi, mnanaa unaongezewa *shiba*, jani chungu la kijivu. Si kosa la mpishi.

---

Sikio_la_Mlinzi alijibu:

Nichangie upande wa sala, ndugu yangu.

Misikiti ya Moroko hawaingii wasio Waislamu, isipokuwa ule wa Hassan II kule Casablanca unaotembelewa kwa ziara maalumu. Kwa hiyo mkiwa Waislamu mnaweza kuulizwa mlangoni, hasa Qarawiyyin, ambako walinzi wamezoea kurudisha watalii. Jibu kwa salamu na shahada, hakuna ugomvi. Kamera ibaki mfukoni. Misikiti mingi hufungwa baina ya sala na sala, basi msipange kwenda kupumzika humo saa 4 asubuhi. Wanawake wana sehemu yao, mara nyingi na mlango wao.

Watu wa huko wanafuata madhehebu ya Maliki, na aliyelelewa Kishafii ataona tofauti. Iqama, ule wito wa kusimamisha sala, ni fupi, "qad qamati-s-salah" inasemwa mara moja tu, kwa hiyo safu inasimama kabla hujajiandaa. Bismillahi ya Alhamdu haisikiki. Dua ya qunut ya alfajiri husomwa kimya, tena *kabla* ya rukuu: imamu akinyamaza kidogo rakaa ya pili, hajasahau, usimwambie subhanallah. Wengi huacha mikono pembeni bila kuifunga kifuani. Salamu ya kutoa sala mara nyingi ni moja, ukizoea kungoja ya pili utabaki umekaa peke yako.

Na msiondoke haraka baada ya magharibi. Hukaa duara na kusoma hizbu moja (sehemu moja kati ya 60 za Qurani) kwa sauti moja, kwa pamoja, kwa riwaya ya Warsh, namna yao ya kuisoma Qurani. Ni jambo la kusikilizwa. Ukichukua msahafu ufuatilie, jiandae: katika mwandiko wao *fa* ina nukta chini, na *qaf* ina nukta moja juu. Jicho lililozoea msahafu wa riwaya ya Hafs, ulioenea kwetu, litasoma kila qaf kuwa fa. Hesabu za aya nazo hazilingani mahali pengi, kwa hiyo fuata maneno, acha namba.

Karibu na Qarawiyyin iko zawiya (kituo cha tarika, penye kaburi lake) ya Sheikh Ahmad Tijani, mwanzilishi wa tarika ya Tijaniyya, aliyefariki mwaka 1815. Mahujaji kutoka Senegal na nchi jirani huja mwaka mzima. Mtu mweusi akipita mtaa huo huchukuliwa kuwa Msenegali na husemeshwa Kifaransa. Wengi hufanya hivyo kwa ukarimu. Lakini katika mji mpya, hasa karibu na stesheni ya treni, polisi huweza kuwauliza weusi hati zao kwa kuwadhania wahamiaji. Bebeni nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti *pamoja na* ule wenye muhuri wa kuingilia. Wa picha peke yake hauonyeshi mliingia lini, na hilo ndilo wanaloliuliza. Pigeni nakala hiyo siku mliyofika, si kabla ya safari, maana muhuri mnaupata mkishatua.